Kabla ya kununua kilebu, mwone kwanza mama yake

KUNUNUA kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huonekana kuwa jambo dogo. Mtu huona tangazo lenye picha ya kupendeza, hupiga simu, hutuma arubuni, na jioni hiyo hiyo mnyama huletwa akiwa ndani ya katoni. Watoto hushangilia, jina hutafutwa na mahali pa kulala hutengwa.

Siku ya nne kilebu hukataa chakula. Siku ya tano huanza kutapika na kuhara damu. Simu ya muuzaji huwa haipatikani tena. Kufikia mwisho wa juma, familia huwa imemlipa daktari wa mifugo pesa nyingi kuliko zile za kumnunua mbwa, na mara nyingi huishia kuchimba kaburi dogo nyuma ya nyumba.

Madaktari wa mifugo wanaufahamu vyema mkasa wa aina hii. Chanzo chake kwa kawaida huwa kimoja: mnunuzi aliitazama picha na kuulizia bei, lakini hakutaka kujua mbwa ametoka wapi, amezaliwa na nani na amelelewa vipi.

Mbwa huishi miaka 10 hadi 15. Huo ni muda mrefu kuliko ule ambao wengi hukaa na gari. Hata hivyo, wapo wanaotumia wiki nzima wakikagua gari kuukuu pamoja na fundi, kisha wakamchukua mbwa kwa dakika kumi kando ya barabara.

Wauzaji wa aina tatu

Soko la mbwa nchini Kenya limekua kwa sababu mbili kuu: hofu ya wezi na mapenzi ya mbwa kama rafiki wa nyumbani. Wanaotafuta ulinzi huulizia German Shepherd, Rottweiler au Boerboel wa Afrika Kusini. Wanaoishi katika nyumba za ghorofa hupendelea mbwa wadogo kama Japanese Spitz, Maltese au Chihuahua. Labrador na Golden Retriever hupendwa na familia zenye watoto.

Palipo na wanunuzi hapakosi wauzaji, na wauzaji wa vilebu ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni mfugaji halisi. Huyu hushughulika na aina moja au mbili za mbwa, huwajua wazazi na hata nyanya wa vilebu wake, na huzalisha kwa mpango. Kwa kawaida huwa hana vilebu wa kuuza kila siku. Mnunuzi huandikwa kwenye orodha na kungoja, wakati mwingine kwa miezi kadhaa.

Wa pili ni mwenye nyumba ambaye mbwa wake jike amezaa, pengine bila kutarajiwa. Huyu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na vilebu wake wakawa wazima, ila mara nyingi hamjui baba yao wala hajawapima wazazi magonjwa ya kurithi.

Wa tatu ni dalali. Hana mbwa jike wala banda. Hununua vilebu huku na kule kwa bei ya chini, wengi wao wakiwa wangali wananyonya, na kuwauza kando ya barabara au kupitia matangazo ya intaneti. Akiulizwa aina yoyote ya mbwa, jibu lake ni kwamba anayo. Akiulizwa mama yuko wapi, jibu lake ni kwamba yuko mashambani.

Tofauti kati ya hawa watatu haionekani katika picha. Huonekana mnunuzi anapofika mahali vilebu walipozaliwa.

Pa kuanzia

Njia iliyo salama ni kuanza na watu wasiopata faida kutokana na mauzo hayo. Daktari wa mifugo anayetibu mbwa anajua ni wafugaji gani huleta wanyama wao kwa chanjo kwa wakati ufaao, na ni banda lipi ambalo vilebu wake hufika kliniki wakiwa mahututi. Kuuliza si ujinga, na swali moja kwa daktari kama huyo laweza kumwokoa mnunuzi na hasara kubwa.

Pili ni klabu ya East Africa Kennel Club, iliyo na ofisi katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, Nairobi. Klabu hii husajili mbwa wa nasaba inayojulikana na kuandaa maonyesho ambapo wafugaji huwaleta mbwa wao wakaguliwe na waamuzi. Hata asiye na nia ya kununua siku hiyo hupata faida akihudhuria: huona mbwa waliokomaa wa aina anayoitaka, huzungumza na wenyewe na kujua ni nani anatarajia uzazi.

Tatu ni wenye mbwa. Anayemwona mbwa mtulivu na mwenye afya kwa jirani aulize alikonunuliwa. Mbwa wa miaka mitano asiyechechemea na asiyeuma wageni ovyo ni ushahidi mzito kuliko tangazo lolote.

Mama ndiye cheti cha kwanza

Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika ufugaji wa mbwa methali hiyo ina uzito wa kisayansi. Kilebu hurithi kutoka kwa wazazi wake umbo, afya na sehemu kubwa ya tabia. Zaidi ya hayo, kwa wiki nane za kwanza mama ndiye mwalimu wake. Mama mwoga, anayebweka na kurudi nyuma kila aonapo mgeni, huwafunza wanawe kwamba binadamu ni wa kuogopwa, na mbwa mwoga ndiye huuma haraka.

Ndiyo maana sharti la kwanza la mnunuzi liwe kumwona mama akiwa pamoja na wanawe, mahali walipozaliwa. England ililifanya jambo hili kuwa suala la sheria. Tangu Aprili 6, 2020, ni marufuku huko kwa mtu wa kati kuuza kilebu wa chini ya miezi sita; mnunuzi hana budi kwenda kwa mfugaji mwenyewe au kwenye kituo cha kuwaokoa wanyama. Sheria hiyo hujulikana kama Lucy's Law, kutokana na mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka katika banda moja la Wales, ambako alikuwa amezalishwa mfululizo hadi mwili ukadhoofika.

Dalali mwerevu aweza kumleta mbwa jike yeyote na kudai kuwa ndiye mama. Hila hiyo hutambulika kwa kutazama mambo mawili. Jike aliyezaa wiki chache zilizopita huwa na chuchu zilizovimba au kulegea. Pia vilebu humkimbilia wakitaka kunyonya, naye huwaramba au kuwakaripia kama mama. Jike asiyewajali kabisa, nao wasiomjali, si mama yao.

Kumkosa baba si dalili mbaya. Wafugaji wengi hupeleka jike wao kwa dume wa mfugaji mwingine ili kuepuka kuzalisha mbwa wa ukoo mmoja. Hata hivyo, jina, picha na hati za baba zinapaswa kuwapo.

Umuhimu wa kuwaona wazazi ni mkubwa zaidi kwa mnunuzi wa German Shepherd. Masikio ya mbwa huyu, ambayo humtambulisha kwa wengi, husimama kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Kilebu wa wiki nane huwa na masikio yaliyolala, na mchotara wa rangi nyeusi na kahawia hufanana naye sana. Wengi waliolipa bei ya German Shepherd waligundua baada ya miezi sita kwamba masikio hayatasimama kamwe.

Siku ya ziara

Mnunuzi asizuru mabanda mawili kwa siku moja. Virusi vya baadhi ya magonjwa husafiri kwenye viatu na mikono, na mgeni aweza kuwabebea vilebu kifo bila kujua. Mfugaji anayemtaka mgeni aoshe mikono na kukanyaga maji yenye dawa kabla ya kuingia hana maringo. Hiyo ni dalili njema.

Kwanza banda litazamwe. Je, kuna maji safi? Kinyesi huondolewa? Kuna mahali pakavu pa kulala na pa kukimbia kwenye jua? Mbwa wakubwa wana nyama mwilini au mbavu zinahesabika? Mfugaji anapoingia, mbwa humkimbilia wakitikisa mikia au hujificha?

Kisha vilebu wenyewe. Kilebu mzima ana macho maangavu yasiyotoa matongo, pua isiyotiririka kamasi na ufizi wa rangi ya waridi. Ufizi mweupe huashiria upungufu wa damu, mara nyingi kutokana na minyoo, viroboto au kupe. Tumbo lililofura kama ngoma juu ya mwili mwembamba ni ishara ya minyoo. Sehemu ya nyuma iwe safi. Manyoya yaliyogandamana na kinyesi yanaonyesha kuharisha.

Kitovu kiguswe taratibu, kwani uvimbe laini hapo waweza kuwa ngiri. Makofi yakipigwa nyuma yake, kilebu anapaswa kugeuka. Akiwekwa chini, atembee bila kuyumba.

Yule anayekaa pembeni peke yake huku wenzake wakicheza huwavutia wanunuzi wenye huruma. Asichukuliwe kabla ya kukaguliwa na daktari. Kwa nyumba yenye watoto, anayefaa zaidi ni yule wa wastani: hajifichi, wala hawaangushi wenzake wote ili awe wa kwanza.

Wiki nane, si chini

Vilebu huzaliwa baada ya mimba ya takriban siku 63, wakiwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka katika wiki ya pili, na wakifika wiki ya tatu au ya nne huanza kuonja chakula kigumu. Wauzaji wengi huwatoa hapo hapo, katika wiki ya nne au ya tano, kwa kuwa kilebu mdogo humvutia mnunuzi na kulisha wengi kwa wiki tatu zaidi ni gharama.

Hasara ya haraka hiyo hujitokeza baadaye. Wanasayansi wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, waliochapisha mwaka 1965 matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi kuhusu tabia za mbwa, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya 12 ubongo wa kilebu huwa wazi kujifunza nani ni rafiki na nini si cha kuogopwa. Akicheza na ndugu zake hujua kwamba akiuma kwa nguvu, mchezo huisha. Aliyetengwa mapema hulikosa somo hilo, na mikono ya watoto wa nyumba ndiyo hulipia.

Samaki mkunje angali mbichi. Mfugaji mwema huanza kazi hiyo kabla ya mnunuzi kufika: huwashika vilebu kila siku na kuwazoesha sauti za redio, sufuria na watoto. Aliyewafungia bandani hadi siku ya kuuza humpa mnunuzi mbwa ambaye atatishwa hata na mwavuli.

Meno husaidia kukadiria umri. Kwa kawaida kilebu wa wiki nane huwa na meno yote 28 ya utotoni. Asiyekuwa nayo huenda ni mdogo kuliko inavyodaiwa.

Chanjo na kadi yake

Ugonjwa unaoua vilebu wengi ni parvo. Virusi vyake vilianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970. Hushambulia matumbo, na kilebu asiyetibiwa ana nafasi ndogo sana ya kupona.

Parvo huchukua kati ya siku tatu na 14 kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hivyo kilebu aweza kuchezacheza siku ya kununuliwa ilhali tayari ameambukizwa. Hiyo ndiyo sababu muuzaji wa kando ya barabara huapa kwamba alimtoa akiwa mzima, na huenda hata yeye anaamini hivyo. Virusi hivyo hukaa udongoni kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Aliyefiwa na kilebu kwa parvo hapaswi kuleta mwingine asiyekamilisha chanjo katika ua ule ule.

Chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa unaoshika mapafu, tumbo na hatimaye ubongo, huanza wiki ya sita hadi ya nane. Hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka kilebu afikishe takriban wiki 16. Wengi hudhani marudio hayo ni njia ya madaktari kujipatia pesa. Ukweli ni kwamba kinga ambayo kilebu huipata katika maziwa ya mama huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna ajuaye ni siku gani hasa kinga hiyo itakwisha. Kurudia chanjo ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba mojawapo itashika.

Kwa hiyo, anayemuuza kilebu wa wiki nane akidai kwamba amemaliza chanjo zote ama hajui asemalo au anadanganya.

Kadi ya chanjo isomwe kwa makini. Inapaswa kuwa na tarehe, jina la chanjo, kibandiko kutoka kwenye chupa chenye nambari ya toleo, pamoja na sahihi na muhuri wa daktari. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na mnunuzi ana haki ya kumpigia simu daktari aliyetajwa kuthibitisha. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila kibandiko hata kimoja, ni karatasi tu.

Dawa ya minyoo nayo isisahauliwe. Vilebu wengi huzaliwa tayari wakiwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama. Mfugaji makini huwapa dawa kuanzia wiki ya pili na kurudia kila wiki mbili. Minyoo hiyo yaweza kumwambukiza mtoto anayechezea udongo, na mara nyingine kudhuru macho yake.

Kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mwaka 1912, na hadi leo kinaua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya visa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo hivyo kufikia mwaka 2030, nguzo yake ikiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kilebu huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu na kuchanjwa tena kila mwaka. Kwa kuwa wengi huuzwa kabla ya umri huo, mnunuzi aulize kama mama amechanjwa na aone kadi yake. Hata kilebu aweza kuwa na kichaa, hasa aliyeokotwa au aliyetoka mahali ambapo mbwa wa mitaani huingia na kutoka. Anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa asiyejulikana hana budi kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Magonjwa ya kurithi

Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha German Shepherd nchini Ujerumani mwaka 1899, alitaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili na nguvu. Kila aina ya mbwa imetengenezwa hivyo, kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Uteuzi huo huleta uzuri, lakini pia hurithisha kasoro.

Kwa German Shepherd, Rottweiler na Labrador, kasoro inayojulikana zaidi ni ya kiungo cha nyonga kisichokaa sawasawa. Mbwa hukua vizuri kwa miezi kadhaa, kisha huanza kuchechemea na kushindwa kuinuka. Mlo na mazoezi huchangia, lakini mzizi wake ni urithi. Wazazi wanaweza kupigwa picha za eksirei na kupewa alama na wataalamu. Katika mfumo wa Uingereza, alama huanzia 0 hadi 106, na kadiri zilivyo chache ndivyo nyonga zilivyo bora. Mfumo unaotumika katika nchi nyingi za bara Ulaya hutumia herufi, A ikiwa bora na E mbaya zaidi.

Si kila mfugaji nchini amewapima mbwa wake. Lakini anayejua maana ya swali hilo na kulijibu bila kukasirika ni tofauti na anayesema kwamba mbwa wake hawajawahi kuugua chochote.

Mbwa wenye pua bapa, kama vile Bulldog na Pug, hupumua kwa shida na huvumilia joto kwa taabu. Anayeishi Mombasa, Malindi au Lamu afikirie mara mbili kabla ya kuwachukua. Mfugaji anayejali humwambia mnunuzi ukweli huo hata kama atapoteza mauzo.

Jike pia aulizwe habari zake: ana umri gani na amezaa mara ngapi? Klabu ya mbwa ya Uingereza haisajili zaidi ya uzazi wa mara nne kwa jike mmoja. Anayezaa kila anapoingia kwenye joto, bila kupumzika, hugeuzwa kiwanda, na vilebu wake hulipia udhaifu wake.

Hati, pesa na mkataba

Hati ya usajili huonyesha nasaba ya mbwa. Haithibitishi kwamba ana afya wala kwamba alilelewa vyema. Mfugaji akidai kuwa vilebu wamesajiliwa, aonyeshe hati za wazazi wote wawili, na mnunuzi athibitishe kwa klabu iliyozitoa. Ahadi ya kwamba karatasi zitafuata baadaye isikubaliwe kama malipo yote yameshatolewa. Baadhi ya mbwa huwekewa chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi, yenye nambari ya tarakimu 15. Nambari hiyo ilingane na ya kwenye hati.

Matapeli wa intaneti hutegemea haraka ya mnunuzi. Huweka picha zilizoibwa, hutaja bei ya chini, kisha humwambia kwamba kuna mtu mwingine njiani hivyo atume arubuni kwa M-Pesa mara moja. Kanuni ni rahisi: hakuna pesa kabla ya ziara. Anayetaka kukutana kwenye kituo cha mafuta au maegesho ya duka kuu, akisema anamrahisishia mteja safari, anaficha anakoishi.

Makubaliano yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje aina, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, chanjo, bei, na kitakachofanyika daktari akimpata kilebu na ugonjwa katika siku za mwanzo. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani kinapaswa kulingana na maelezo hayo. Bila maandishi, mnunuzi hubaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji.

Kilebu afikishwe kwa daktari wa chaguo la mnunuzi ndani ya siku mbili au tatu. Aidha, kanuni za kufuga mbwa hutofautiana kati ya kaunti. Nairobi, kwa mfano, ilipitisha mwaka 2015 sheria ya udhibiti na ustawi wa mbwa. Mnunuzi aulizie leseni katika kaunti yake.

Mfugaji anayeuliza maswali

Huenda dalili kubwa kuliko zote ya mfugaji mwema ni kwamba naye humhoji mnunuzi. Je, una ua uliofungwa? Nani atakuwa nyumbani mchana? Mbwa atafungwa mnyororo? Mwenye nyumba ameruhusu? Majirani wanasemaje, hasa katika mitaa ambayo dini au desturi huwafanya watu kutotaka kuguswa na mbwa? Umewahi kufuga, na huyo wa kwanza alikufa vipi?

Wapo wanaoudhika kwa maswali hayo. Wanapaswa kufurahi. Anayejali kilebu anakokwenda alijali pia alikotoka. Mfugaji wa namna hiyo hubaki mshauri kwa miaka mingi, na wengi huomba kurudishiwa mbwa iwapo mwenyewe atashindwa kumtunza.

Huruma yenye madhara

Wapo wanaofika kwa muuzaji mbaya, wakaona uchafu na vilebu waliokonda, na hata hivyo wakanunua mmoja kwa sababu ya huruma. Moyo huo ni mwema, lakini pesa hizo ndizo zitakazomfanya jike yule abebe mimba tena. Nafasi ya kilebu aliyeondolewa hujazwa kabla ya mwaka kwisha.

Njia inayosaidia zaidi ni kuondoka bila kununua na kupiga ripoti. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hufanya kuwatesa wanyama kuwa kosa. Chama cha kulinda na kutunza wanyama cha KSPCA, chenye makao Karen, Nairobi, hupokea ripoti kama hizo.

Chama hicho pia huwatafutia makao mbwa waliookolewa, wakiwa wamechanjwa na kufungwa uzazi. Wengi wao ni machotara wanaodharauliwa kwa jina la mbwa koko, ilhali mababu zao wameyazoea mazingira ya hapa kwa vizazi vingi. Asiyehitaji nasaba maalumu huenda akampata huko mlinzi na rafiki anayemtafuta.

Anayeamua kununua naye ana kipimo kimoja cha kumkumbuka daima. Aende kwenye banda, aombe kumwona mama, kisha anyamaze na kutazama. Mama mtulivu, mwenye nyama mwilini, anayemkaribia mgeni huku wanawe wakimfuata nyuma, ni ushahidi ambao dalali hawezi kuutengeneza. Asipokuwapo, na sababu zikawa nyingi, mnunuzi afunge mkoba wake arudi nyumbani.